Kodi, Nauli na Askofu Asiyelipwa: Wamormoni wa Thika na Ruiru

Sensa ya 2009 ilihesabu watu takribani 239,000 mjini Ruiru. Miaka kumi baadaye walikuwa 490,120, na mji ambao wasafiri wa Murang'a na Nyeri walizoea kuupita bila kugeuza shingo ukawa wa nne kwa ukubwa nchini Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, mbele ya Eldoret na Kisumu. Thika, jirani yake wa kaskazini, ilitoka chini kidogo ya 140,000 ikafika 251,407. Mhubiri akizitazama tarakimu hizi anaona mavuno, na ndiyo maana makanisa ya mabati hayakauki Githurai, Kimbo na Kihunguro. Lakini mji kujaa watu ni jambo moja, kanisa kujaa waumini ni jingine. Tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Wamormoni, ingawa tangu 2018 viongozi wake wanahimiza jina kamili litumike. Ni kanisa dogo nchini Kenya, na halitarajiwi kuipita PCEA au Katoliki hivi karibuni. Faida ya kulichunguza ni kwamba muundo wake hauwezi kuficha kinachofanywa na uchumi. Ninachodai ni kwamba katika miji hii miwili ukubwa wa mkusanyiko wa Wamormoni unategemea mambo mawili kuliko mengine yote: nani anaweza kukaa mtaa mmoja kwa miaka kadhaa, na nani ana jioni na Jumapili zake mwenyewe. Pesa inakuja baadaye.

Dai hilo halieleweki bila kujua kanisa hili linavyoendeshwa. Serikali ya Kenya ililitambua rasmi Februari 1991. Kigingi cha kwanza, cha Nairobi, kiliundwa Septemba 2001. Kigingi tunaweza kukifananisha na dayosisi ndogo. Ndani yake mna kata, na pale waumini wasipotosha kuunda kata, mna tawi. Hakuna mchungaji wa kuajiriwa. Askofu wa kata ni mwalimu, fundi wa umeme au karani wa sacco aliyeitwa kuhudumu kwa miaka kama mitano bila mshahara wala posho. Ana washauri wawili, ana karani, na pembeni yake yuko rais wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, viongozi wa vijana, walimu wa watoto; wote hawalipwi. Kisha, muumini hachagui kata yake, anapangiwa kwa mahali anapoishi. Mpentekoste aliyehamia Juja anaweza kuendelea kupanda matatu kumfuata mchungaji wake wa Zimmerman, na wengi hufanya hivyo. Mwenzake Mormoni akihama, kumbukumbu zake zinahamishiwa kata mpya, wadhifa aliokuwa nao unakoma, na kata aliyoiacha inaanza kutafuta wa kuziba pengo.

Zaidi ya hayo kuna kizingiti. Tangu 2024 kanisa hilo limeweka kipimo kimoja kwa dunia nzima: kata iwe na waumini 250, watu wazima 100 wanaoshiriki, na wanaume 20 wenye Ukuhani wa Melkizedeki, ukuhani wa juu wa kanisa hilo, wanaotoa zaka kamili. Zamani, nje ya Marekani na Kanada, waumini 150 walitosha. Kwa Kenya, basi, ngazi imepandishwa. Na katika vipimo hivyo vitatu, cha kwanza ndicho chepesi. Majina 250 yanapatikana kwa ubatizo, na wamisionari wawili wawili wenye vibeji vyeusi wanajua kazi yao. Ishirini ndio wagumu, kwa sababu kila mmoja wao lazima awe ameshakaa, ameshaaminiwa, anahudhuria, na mapato yake yanamruhusu kutoa sehemu moja ya kumi. Swali la uchumi wa mji, kwa hiyo, linageuka kuwa swali la watu ishirini: mji huu unawatengeneza, au unawapitisha tu?

Tuanze na Thika, kwa kuwa ina historia ndefu zaidi ya kazi za mshahara. Reli ilifika hapo 1913, na baada ya uhuru mji ukapata jina la Birmingham ya Kenya. Kulikuwa na nanasi za Del Monte, kiwanda cha kuunganisha magari cha Leyland ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, viwanda vya ngozi, vya mafuta, vya nguo. Mtaa wa Makongeni ulikua kwa wafanyakazi wa namna hiyo: mtu ana namba ya kazi, ana chama cha wafanyakazi, anajua zamu yake ya mwezi ujao. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ikavipiga viwanda vya nguo na magari yaliyotumika ya Japani yakavipiga vya kuunganisha. Thika Cloth Mills iliponea, na Bidco ikaja na mafuta yake, kwa hiyo si kweli kwamba Thika ilikufa. Kilichobadilika ni aina ya ajira. Kazi ya kudumu iligeuka mkataba wa miezi michache, na mkataba ukageuka kibarua kinachotolewa getini alfajiri. Tazama tarehe zilivyokutana: kanisa lenye kuhitaji watu wa ratiba thabiti lilipewa kibali cha kufanya kazi Kenya katika miaka ileile ambayo ratiba thabiti ilianza kutoweka. Waliotangulia, Wakatoliki na Wapresbiteri, walishaweka mizizi wakati wa mshahara wa kudumu. Wamormoni waliukuta uchumi wa kibarua.

Ruiru ina shida tofauti. Hapa palikuwa mashamba ya kahawa, na kituo cha utafiti wa zao hilo ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Miaka minne baadaye mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa hisa za soko la kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na shamba la kahawa likaanza kuonekana kama ploti zinazosubiri kukatwa. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ilimaliza kazi hiyo. Ikaja Tatu City juu ya ardhi ya kahawa, yakaja mabohari, vyuo vikuu, na zaidi ya yote yakaja majengo ya ghorofa ya kupangisha. Brookside na viwanda vya chuma vinaajiri wengi, ndiyo, lakini Ruiru imekua kwa kulaza watu wanaofanya kazi kwingine. Wengi wa watu wake ni wapangaji, na mpangaji huhama. Anaanza na bedsita Kihunguro, akipata nyongeza anatafuta vyumba viwili Membley, akiachishwa kazi anarudi nyuma hadi Witeithie, akifanikiwa kabisa ananunua kipande cha ardhi Kenyatta Road au ng'ambo ya Thika na kujenga polepole. Kwa kanisa la mipaka, kila hatua ya safari hiyo ni uwezekano wa kubadilisha kata. Mtu huyo hajarudi nyuma kiimani, amefuata kodi tu. Hata hivyo mkusanyiko umempoteza, na mara nyingi ule mpya haumpati, kwa sababu hakuna anayemjua.

Athari hiyo inaonekana hasa katika kazi ya karani wa kata. Anakaa na orodha ya waumini, jina, tarehe ya ubatizo, mtaa, namba ya simu. Anapiga ya kwanza: mteja hapatikani. Ya pili inapokelewa na mtu mwingine aliyepewa laini hiyo baada ya mwenyewe kuiacha. Anaenda kwenye ploti. Mlinzi anamwambia mama anayetafutwa alihama Desemba, hakusema anaelekea wapi. Jina lenyewe linabaki kwenye orodha, na kwa muda mrefu linaendelea kuhesabiwa. Hapo ndipo penye tofauti kati ya waumini walioandikishwa na wale wanaoketi kwenye viti Jumapili. Tofauti hiyo ipo katika kanisa hili duniani kote, nalo halichapishi takwimu za mahudhurio ya kila kata. Katika mji wa wapangaji inakua haraka kwa sababu ambayo haina uhusiano na mafundisho. Anayeisoma orodha ya Ruiru na kuhitimisha kwamba watu wameasi anakosea chanzo.

Jambo la pili ni muda. Barabara kuu ilifupisha safari ya Nairobi kwa miaka michache, kisha magari yakaongezeka na foleni ikarudi. Anayeishi Ruiru na kufanya kazi Industrial Area anaondoka kungali giza na kurudi usiku. Jioni ya kutembelea familia za kata, jioni ya mkutano wa vijana, jioni ya kumfundisha mtu mpya, zote zimeliwa stejini. Inabaki Jumapili, na Jumapili yenyewe inagombaniwa. Ndiyo siku ya kufua na ya kujaza mitungi maji yanapofunguliwa. Ndiyo siku nzuri ya mwenye kibanda, wa bodaboda na wa saluni. Na ndiyo siku ya kwenda kuona kazi ya fundi kwenye ile ploti. Kanisa hilo lilipunguza ibada ya Jumapili kutoka saa tatu hadi mbili kuanzia Januari 2019, hatua iliyowafaa watu wa namna hii kuliko wengi. Lakini askofu hamalizi kwa saa mbili. Kabla kuna baraza, baada yake kuna mahojiano na hesabu ya matoleo. Nauli nayo haina huruma: tukichukua shilingi 50 kwa kila mtu kwa kila mwelekeo, familia ya watu watano hutumia 500 kwenda na kurudi, yaani 2,000 kwa Jumapili nne. Kwa anayelipia bedsita hiyo ni sehemu kubwa ya kodi. Mkusanyiko ambao watu wanaufikia kwa miguu na ule wanaoufikia kwa matatu mbili haiwezi kuwa na mahudhurio sawa, hata imani ikiwa ileile.

Sasa pesa. Rais wa kanisa hilo wakati huo, Russell M. Nelson, alipofika Nairobi Aprili 2018 aliwafundisha waumini kwamba zaka ndiyo njia ya kuvunja mzunguko wa umaskini, na akaikosoa desturi ya mahari. Wapo waliokerwa, hasa Marekani, wakiuliza inakuwaje tajiri aombe sehemu ya kumi ya maskini. Mimi naona suala la karibu zaidi liko kwenye payslip. Tangu 2023 mfanyakazi wa Kenya anakatwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, makato ya NSSF yamepanda kwa awamu, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii inachukua asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mjadala wa zamani wa Wakristo wa Kenya, kama zaka itolewe kabla ya makato au baada yake, umekuwa mkali kwa sababu pengo kati ya hesabu hizo mbili limepanuka. Asiye na mapato kabisa hana tatizo mbele ya askofu wake, kwani sehemu ya kumi ya sufuri ni sufuri. Anayeyumba ni yule wa katikati, mwenye kipato kisicho na mpangilio, anayelipa mkopo wa simu wa Fuliza leo ili akope tena kesho. Huyo ndiye angekuwa mmoja wa wale ishirini. Na mahari? Kijana wa Thika anayekusanya ruracio kwa kibarua anaweza kuchelewa kuoa kwa miaka, na kanisa linaloegemea familia za mume na mke linamngoja pamoja naye. Katika hilo Nelson aliligusa jambo halisi, hata kama hakulieleza kwa namna ambayo wazee wa Gatundu wangeikubali.

Kuna hoja zinazopinga haya, na zinastahili majibu. Ya kwanza husemwa sana mitaani: watu hujiunga na kanisa la Wamarekani kutafuta msaada, kwa hiyo hali ikiwa ngumu mkusanyiko unapaswa kuongezeka. Msaada upo kweli. Mara moja kwa mwezi waumini hufunga milo miwili na kutoa thamani yake, na askofu huitumia kuwasaidia wenye shida. Lakini utaratibu wenyewe unapendelea chakula na huduma kuliko fedha taslimu, ni wa muda, na anayesaidiwa hutarajiwa kufanya kazi fulani. Anayekuja kwa kutumaini dola hugundua mapema kwamba atapewa unga, kisha ataombwa apange viti. Dhiki huwaleta watu mlangoni, hilo sikatai. Haiwafanyi wakae, na hakika haiwapi muda wa kuongoza.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Kanisa hili ni tajiri mno. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba hazina yake ya uwekezaji, Ensign Peak, ilikuwa na takribani dola bilioni 100. Majengo yake hayajengwi kwa harambee. Mbona basi uchumi wa Thika na Ruiru ulitikise? Jibu ni kwamba utajiri huo unaondoa tatizo ambalo makanisa mengine ya Thika yanalo na kuacha lile ambalo hela haiwezi kulitatua. Mchungaji wa kanisa la mabati akikosa sadaka anafunga. Kata ya Wamormoni haifungwi kwa kukosa kodi ya jengo; inadhoofika kwa kukosa mtu wa kufundisha watoto saa tatu asubuhi. Salt Lake City, yaliko makao makuu, inaweza kutuma vigae, viti na piano. Haiwezi kutuma jioni ya Jumatano ya fundi wa mtaa wa Landless, na kumlipa ili aipate kungekuwa kuvunja kanuni ya huduma bila malipo ambayo kanisa zima limesimama juu yake.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Kama ratiba ya kazi ndiyo kikwazo, Wasabato wanafanikiwaje? Siku yao takatifu ni Jumamosi, siku ya kazi kwa viwanda vingi na siku ya biashara kwa kila duka, na bado makanisa yao ya mijini yanafurika. Nadhani jibu liko katika umri na ukoo. Wasabato walifika Gendia 1906. Kijana wa Kisii au Homa Bay anayehamia Ruiru anakuja na imani ya bibi yake, na anawakuta binamu, kwaya na shemeji aliyeshamtafutia chumba. Uchumi ukimtoa mtaa mmoja, ukoo unampokea mwingine. Mormoni wa Ruiru mara nyingi ni wa kwanza katika familia yake, na pengine ndugu zake wanamcheka. Hana wa kumpokea isipokuwa kata yenyewe. Kwa hiyo msukosuko uleule unaopita juu ya Wasabato bila kuwadhuru sana unawapiga Wamormoni, na itabaki hivyo hadi watakapokuwa na mabibi wa kutosha. Hoja hii imepunguza dai langu bila kuliangusha: uchumi wa makazi na muda hauna nguvu sawa juu ya kila kanisa, una nguvu zaidi juu ya lile changa.

Wasomi wa dini wanaweza kuongeza ya nne. Rodney Stark, mwanasosholojia wa Marekani aliyetabiri mwaka 1984 kwamba Wamormoni wangeweza kufikia milioni 265 ifikapo 2080, alishikilia kwamba watu huongoka kupitia urafiki, na kwamba anayehama, aliyeachana na mahusiano ya zamani, yuko wazi zaidi kwa mapya. Kwa mantiki hiyo Ruiru ingekuwa bustani. Upande wa kuingia, Stark hakukosea: mgeni wa mjini anakaribisha vijana wawili wenye adabu wanaobisha hodi. Hakuupima mlango wa kutokea. Mahusiano yanayojengwa kwa urahisi kati ya wapangaji huvunjika kwa urahisi uleule mkataba wa nyumba unapokwisha. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT pale Juja ndio mfano bora. Wana muda, wana elimu, wanaweza kuongoza kwaya na kuandika kumbukumbu, kisha wanahitimu na kuondoka. Wengine wanapitia kwa wakala hadi Saudi Arabia, ambako ibada ya wazi ya Kikristo hairuhusiwi, au hadi nchi nyingine za Ghuba, ambako kwa miaka mingi matawi ya kanisa hilo yalikutana Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Na anayehudumu ndani ya nyumba ya mwajiri hapati hata hiyo Ijumaa.

Hali hii si ya Kenya peke yake. Huko California, ambako Wamormoni walikuwa wengi kuliko katika jimbo lolote la Marekani isipokuwa Utah, gharama ya nyumba imewasukuma waumini kwenda Idaho, Texas na Utah kwenyewe, idadi imeshuka kwa makumi ya maelfu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na vigingi kadhaa vikaunganishwa. Hakuna aliyedai kwamba Wakalifornia wale walipoteza imani kwa pamoja. Tofauti ni kwamba wao walihamia mahali penye kata imara zaidi ya zile walizoziacha. Anayetoka Ruiru kwenda kijijini Kirinyaga anaweza kuhamia mahali pasipo na tawi hata moja.

Hekalu la Nairobi, lililotangazwa Aprili 2017 na kuwekwa wakfu Mei 2025, limeondoa gharama iliyokuwa ikiwafunga wengi, ile ya kusafiri hadi Johannesburg kwa ibada zao za juu kabisa. Ni nafuu kubwa, na itawatia moyo wanandoa. Lakini hekalu huendwa mara chache kwa mwaka, kata kila juma. Kama viongozi wa kigingi wanataka mikusanyiko ya ukanda huu ikue, mipaka ichorwe kwa kufuata steji na njia za miguu, si kwa kugawa ramani kwa rula. Matawi madogo yanayofikika bila nauli yapewe miaka ya kukomaa kabla ya kuunganishwa ili kufikia 250. Na mwenye wadhifa anapohama, kata anayoingia ipigiwe simu wiki hiyohiyo, kabla hajabadilisha laini. Anayetaka kukisia Ruiru itakuwa na kata ngapi miaka kumi ijayo asihesabu ubatizo. Ahesabu ni waumini wangapi wamemaliza miaka mitatu kwenye mtaa mmoja wakiwa na kazi inayowarudisha nyumbani kabla ya saa moja jioni.